Chini ya Darubini: Kila Chumba na Mpangaji Wake

Barua za mwezi huu ni nyingi na nyingine ndefu. Moja imeandikwa nyuma ya karatasi ya majibu ya maabara. Nilipoigeuza nikacheka, kisha nikakasirika, kwa hiyo ndiyo nitakayoanza nayo.

Kwa wasomaji wapya: mimi si daktari. Nimefanya kazi ya maabara miaka 31, tangu siku zile tulipokuwa tukigeuza kioo cha darubini kuelekea dirishani kutafuta jua kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda. Nilizaliwa katika kota za askari hapa Jinja, na Kiswahili changu bado kina harufu ya gwaride, mnivumilie. Simwandikii mtu dawa. Ninachojua ni nani anaishi wapi mwilini, na nani amevamia chumba kisicho chake.

*Mama, jambo. Ninaendesha boda hapa Bugembe. Tangu Januari nimepimwa mara nne, na mara zote nne nimeambiwa nina malaria na taifodi pamoja. Nimechomwa sindano, nimemeza sipro mpaka mdomo una ladha ya chuma. Majibu ya mwisho ndiyo haya ninayoandikia nyuma yake. Taifodi imehamia kwangu moja kwa moja?*
*Boda, Bugembe*

Mwanangu, kwanza hiyo ladha ya chuma. Sipro, antibiotiki uliyomeza, hailetei watu ladha hiyo kwa kawaida. Inayojulikana kwa hilo ni Flagyl. Basi kuna kitu ulichoongezewa katika bahasha ile bila kuambiwa. Rudi uulize.

Sasa karatasi yako. Imeandikwa O 1:80, H 1:160, na mtu amepiga mstari mwekundu chini yake akaandika taifodi kwa herufi kubwa. Kipimo hicho kinaitwa Widal, kwa jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo damu yako ilizitengeneza zamani au juzi ilipokutana na bakteria wa jamii ile. Ni sawa na kuona nyayo uani asubuhi. Huwezi kujua mwenye nyayo alipita usiku huu au mwezi uliopita, wala kama alikuwa mwizi au binamu yake amekuja kuomba chumvi. Mtu aliyewahi kuugua taifodi, aliyechanjwa, au aliyekutana na salmonela wa aina nyingine anaweza kuonyesha namba kama zako akiwa mzima kabisa. Malaria yenyewe huweza kukichanganya kipimo hiki. Ili kiwe na maana hata kidogo, damu hupimwa mara mbili, siku kumi au kumi na nne zikiwa katikati, na namba ipande mara nne. Umewahi kuambiwa urudi baada ya siku kumi? Basi.

Nami nina dhambi yangu hapa, afadhali niitaje. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya jioni katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Mwenyewe alikuwa amenunua chupa za Widal, na chupa zilipaswa kurudisha pesa yake. Kila homa iliyoingia mlangoni ilipimwa Widal. Mimi naandika 1:80, yeye anauza sindano. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki aliyetibiwa taifodi kwetu mara tatu, kila akirudi mwembamba zaidi. Siku moja daktari mgeni akamwomba makohozi. Nikayapaka kwenye slaidi, nikatia rangi, nikaweka jicho: vijiti vyekundu juu ya bluu, vimejaa uwanja mzima. Kifua kikuu. Nilikuwa nimempima mwenyewe mara tatu, na mara zote tatu sikuuliza anakohoa tangu lini.

Taifodi ya kweli ipo, tena inaua. Bakteria wake, Salmonella Typhi, huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula chenye uchafu wa choo, hupenya ukuta wa utumbo, akasafiri na damu hadi kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa. Homa hupanda polepole siku baada ya siku badala ya kupiga na kutoweka. Asipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka, na hapo ni upasuaji. Mwaka 2015 Kampala ilipata mlipuko ambao watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuugua, wengi wao wakiwa wanafanya kazi katikati ya mji, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye maji ya kunywa na juisi za kuuzwa barabarani. Wewe unayeshinda steji, ile juisi ya kavera, ya mfuko wa plastiki, unayonyonya saa saba mchana ndiyo ninayoiogopa zaidi kuliko Widal yako.

Kwa kuwa bakteria yuko ndani ya damu, ushahidi nao uko huko huko. Kipimo chenyewe ni kuotesha damu: inachukuliwa kwa sindano safi, inaingizwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, inawekwa kwenye joto siku kadhaa, na akiota tunamjaribu na dawa moja moja kuona ipi inamwua. Kipimo hiki nacho huwakosa wagonjwa wengi, na huwakosa zaidi wakiwa wameshameza dawa. Kwa hiyo homa ikirudi, usipitie duka la dawa kwanza. Nenda hospitali ya rufaa ukiwa na tumbo lisilo na kapsuli, useme, "Naomba damu yangu ioteshwe kabla sijaanza chochote." Waambie pia kama unakunywa maziwa mabichi, maana homa ya brusela nayo huvaa koti la taifodi.

Na malaria mara nne? Inawezekana, hapa Busoga malaria si mgeni. Lakini kile kipimo cha kijikaratasi chenye mistari kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa sababu kinasoma mabaki yao. Ukipimwa tena kabla mwezi haujaisha, omba slaidi na darubini.

*Dada, habari za kazi? Binti yangu yuko sekondari ya bweni, miaka 16. Kila likizo anarudi na UTI na kandida, wanasema ni vyoo vya shule. Matroni amewashauri wasichana wajioshe kwa dawa ya kuua vijidudu asubuhi na jioni. Nimhamishe shule?*
*Mama wa Watatu, Malaba*

Usimhamishe bado, dada. Kwanza tuzitenganishe hizo mbili, maana watu wamezifunga kamba moja kama kuku wa sokoni.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mara nyingi mno anayeyaleta ni bakteria anayeitwa E. koli. Huyu ni mpangaji halali wa utumbo mpana. Wewe unaye, mimi ninaye, hata matroni anaye. Huko utumbini anakaa kwa amani, tena anatusaidia kutengeneza vitamini K. Tatizo ni akihama. Kutoka njia ya haja kubwa hadi tundu la mkojo la mwanamke ni safari fupi, na mrija wenyewe wa kufikia kibofu una urefu wa karibu sentimita 4. Wa mwanamume una karibu 20. Ndiyo maana wasichana wanaugua na kaka zao hawajui unazungumzia nini. Wengine wanaoweza kufanya uhalifu huo huo ni klebsiela na proteusi, lakini E. koli ndiye mkubwa wao.

Sasa choo. Bakteria aliye ndani ya shimo hawezi kuruka akaingia kwa mtu aliyechuchumaa juu. Miaka 31, sijaona bakteria mwenye mabawa. Hata hivyo choo kichafu kina hatia yake, isipokuwa wanakishitaki kwa kosa lisilo lake. Muulize binti yako anakwenda haja ndogo mara ngapi kwa siku. Nimewauliza wengi. Wanakwenda alfajiri, kisha wanajikaza mpaka usiku, na ili wasibanwe hawanywi maji. Kwa hiyo bakteria wachache waliopotea njia wakaingia kibofuni hawasukumwi nje. Katika joto linalomfaa, E. koli mmoja anagawanyika kuwa wawili kila dakika 20. Hesabu: baada ya masaa matatu tu mmoja amekuwa 512. Binti amekaa darasani masaa kumi.

Dawa ya kuoshea ya matroni ndiyo inayoniudhi. Ukeni kuna bakteria walinzi, laktobasili, wanaotengeneza asidi. Kandida, ambaye ni fangasi wala si bakteria, naye huishi mwilini kwa kawaida, mdomoni, utumbini na ukeni, kwa idadi ndogo kwa sababu walinzi wanamkalia. Waue walinzi kwa dawa kali, au kwa kozi za antibiotiki za kila likizo, na kandida anashangilia. Hivyo binti anatibiwa UTI ambayo pengine haikuwepo, dawa inamletea kandida, wanasema vyoo tena, wanampa dawa tena. Matroni, ukisoma hapa nisamehe, lakini maji safi yanatosha, tena kwa nje tu.

Kuzitofautisha si kazi ngumu sana. Mkojo unaochoma, unaobana kila mara na kutoka matone, huko ni kibofu. Kuwashwa na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, huko ni kandida. Homa, kutapika na maumivu ya mgongo upande mmoja ni figo, na hapo usingoje kesho. Jambo moja zaidi, nalisema taratibu: kisonono na klamidia navyo huchoma. Kaa na binti yako wawili tu, bila baba na bila kelele, umuulize, na kama ipo haja apimwe na hayo.

Akienda kupima mkojo, nakuomba kwa niaba ya watu wote wa maabara. Ajioshe kwa maji, aache mkojo wa kwanza uende, akinge wa katikati kwenye kichupa cha maabara chenye kifuniko. Chupa ya soda iliyosuuzwa tusiione. Kisha kichupa kifike ndani ya masaa mawili. Nimepokea mikojo iliyosafiri kwa taxi kutoka Kamuli tangu asubuhi, imekaa juani kwenye dashibodi. Kwenye sahani yangu ya kuoteshea bakteria iliota kama nyasi za masika. Sisi tunaanza kushuku ugonjwa bakteria wakifika 100,000 kwa mililita moja, na jua la dashibodi linaifikisha namba hiyo bila mgonjwa kuwa na lolote.

*Mama, jipu langu la kwanza lilitoka kwapani, la pili kwenye paja, la tatu shingoni. Ni wadudu watatu?*
*Kinyozi, Mbale*

Mmoja. Karibu hakika ni stafilokoka wa dhahabu, anayeonekana chini ya darubini kama kishada cha zabibu. Mtu mmoja kati ya watatu anamfuga puani bila kujua. Acha kuchokonoa pua, usikamue majipu, taulo lako liwe lako peke yako. Na kwa kazi yako, nyembe za wateja tupa kila baada ya kichwa kimoja. Yakiendelea kutoka, upimwe sukari.

*Asalaam aleikum, binti yangu. Mjukuu wangu ana miaka 6. Sikio la kulia linatoa usaha tangu akiwa na miaka 4, na linanuka. Amemeza kapsuli za amoksi nyingi, na tumetia mafuta ya simsim yaliyopashwa moto. Jirani anasema ni maziwa ya mama yaliyomwagikia sikioni alipokuwa mchanga.*
*Bibi, Arua*

Wa aleikum salaam, mama. Mama wa mtoto hana kosa, mwambie hivyo leo hii. Maziwa hayapiti kwenye ngoma ya sikio iliyo nzima.

Lilivyoanza ni hivi. Nyuma ya pua kuna mrija mdogo unaokwenda sikio la kati. Kwa mtoto ni mfupi na umelala karibu sawasawa, kwa hiyo kila mafua yanapata njia. Wanaopita humo mara nyingi ni bakteria pneumokoka na hemofilusi, wapangaji wa kawaida wa pua na koo. Usaha ukajaa, mtoto akalia usiku mzima, ngoma ikapasuka, maumivu yakaisha, mkafurahi. Pneumokoka ni yule yule anayeongoza kwa kuleta nimonia ya watoto, na chanjo yake iliingia katika ratiba yetu mwaka 2013.

Ngoma isipofunga, mlango unabaki wazi, na kinachoingia sasa kinatoka nje: maji ya kuogea, maji ya mto, vidole, vijiti. Wapangaji wanabadilika. Usaha wa miaka miwili ukiuotesha, mara nyingi anatoka sudomona, bakteria wa maji maji. Ninamjua hata kabla ya kumtia rangi. Sahani inageuka kijani, na ukifungua kifuniko inatoka harufu tamu kama zabibu zilizoiva sana. Mwanafunzi wangu mmoja alipenda harufu ile akainamisha pua. Nilimtoa nje ya chumba. Sudomona huyu haui kwa amoksi, ile antibiotiki ya kapsuli zenu, hata ukimpa gunia. Ndiyo maana kapsuli zenu zimeshindwa. Zilikuwa zinamtafuta mpangaji aliyekwisha kuhama.

Kazi kubwa sasa ni kulikausha. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba, kisokote kiwe kama utambi wa taa, kiingize taratibu, kikinyonya kitoe, weka kingine, mpaka kinatoka kikavu. Mara tatu au nne kwa siku, kila siku, na usiache utambi ndani. Baada ya kukausha ndipo matone ya sikio ya sipro yana maana, kwa sababu matone juu ya usaha ni kumwaga maji kwenye debe lililojaa. Kituo cha afya kitakuandikia. Mafuta ya simsim yarudi jikoni, yanafaa zaidi kwenye mboga. Asiogelee.

Nyuma ya sikio pakivimba, au akipata homa, kizunguzungu, shingo kukakamaa au uso kuvutika upande, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, mama. Sikio na ubongo vimetenganishwa na mfupa mwembamba sana. Na hata likikauka, apimwe kama anasikia vizuri. Mwalimu anaweza kuwa anamwita mtundu bure.

*Macho mekundu yamerudi shuleni kwetu. Wenzangu wanatia maziwa ya mama, wengine mkojo wao. Tutumie antibiotiki gani?*
*Mwalimu, Soroti*

Hakuna, mwalimu. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita Apollo, kwa kawaida ni wa virusi, na antibiotiki haivigusi. Jina hilo lina historia. Ugonjwa wa macho mekundu yenye damu ulionekana kwanza Ghana mwaka 1969, mwaka ule ule chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, na watu wakaona hayo mawili hayakuja pamoja bure. Wanafunzi wanawe mikono, wasigawane taulo wala mto, wagonjwa wabaki nyumbani. Utaisha wenyewe baada ya wiki moja au mbili. Mkojo una bakteria, na wakiwa wa kisonono jicho linaweza kupofuka kwa siku chache. Mwenye maumivu makali, usaha mwingi au asiyeona vizuri aende kwa mtu wa macho.

*Mwanangu ana miaka 7, ana sikoseli. Mguu umevimba chini ya goti wiki ya pili, homa haishuki. Kliniki inasema ni maumivu yake ya kawaida, tungoje.*
*Baba, Iganga*

Usingoje, baba. Natumaini wakati gazeti linakufikia umeshaondoka nyumbani. Mhariri amekwisha kukupigia kwa ombi langu.

Maumivu ya sikoseli na maambukizi ya mfupa yanafanana mno, hata mtaalamu hubabaika. Lakini uvimbe mahali pamoja, joto, na homa ya wiki mbili vinanifanya nifikirie mfupa. Kwa mtoto wa kawaida anayevamia mfupa mara nyingi ni stafilokoka yule wa kinyozi. Kwa mtoto wa sikoseli kuna mwingine anayesimama mlangoni: salmonela, si yule wa taifodi peke yake, hata wale wa kuku na mayai. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo ya utumbo, ukuta unapata vidonda vidogo, bakteria wanapenya kwenye damu. Wengu ambao ungewachuja umekwisha kuharibika. Mfupa nao una sehemu zilizokufa kwa kukosa damu, na hapo ndipo wanapojenga. Hospitali itataka damu ya kuotesha, picha, na pengine usaha wenyewe utolewe kwa sindano. Waambie ameshapewa dawa gani, kwa jina na kwa siku. Beba hata makopo matupu.

Nchi yetu inaujua ugonjwa huu tangu zamani. Watafiti Lehmann na Raper walizunguka makabila ya Uganda wakipima damu na kuandika matokeo yao mwaka 1949, na uchunguzi mkubwa wa watoto wachanga wa miaka ya karibuni ulikuta wenye kubeba kinasaba chake ni zaidi ya 13 katika kila 100. Ndugu zake wapimwe. Na wakikuambia penisilini ya kila siku kwa wadogo wasiofika miaka 5, usiiache kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Inamzuia pneumokoka.

*Shangazi, koo linauma kila mwezi. Mganga wa duka ananipa kapsuli mbili, ninapona. Kuna ubaya?*
*Mwanafunzi, Gulu*

Koo nyingi ni virusi, zingepona bila kapsuli zake, naye anachukua sifa. Kama una kikohozi na kamasi, kunywa chai. Lakini koo la ghafla lenye homa, bila kikohozi, mafindofindo yenye usaha na tezi za shingo zinazouma linaweza kuwa la streptokoka, na hapo kapsuli mbili ni hatari. Mwili unaotengeneza silaha dhidi ya streptokoka unaweza, wiki mbili au tatu baadaye, kuzigeuza silaha hizo kwenye viungo na vali za moyo wako mwenyewe. Penisilini kamili inazuia hayo.

Huko kwenu Gulu ndiko watoto 818 walioanza kuonyesha dalili za awali kwenye vali, kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti tu, waligawanywa makundi mawili karibu sawa. Kundi moja lilichomwa penisilini ya muda mrefu kila wiki 4 kwa miaka 2. Matokeo yalitoka 2021: ambao vali zao ziliendelea kuharibika katika kundi la sindano ni 3, katika kundi lisilochomwa ni 33. Ninajua sindano ile inauma, nimewaona wanaume wazima wakikaa upande mmoja kwenye benchi. Ukipata viungo vinavyovimba kimoja baada ya kingine, au kuishiwa pumzi, omba moyo upimwe.

*Kwa nini kidonda kibaya, hiki cha Buruli, kimepewa jina la kwetu? Kinatuharibia sifa.*
*Mzee, Nakasongola*

Shikamoo mzee. Malalamiko yako ni ya haki. Daktari Albert Cook aliandika juu ya vidonda vya namna hiyo kule Mengo mwaka 1897, na Waaustralia ndio waliomweleza bakteria mwenyewe mwaka 1948, kwa hiyo kingeweza kuitwa kwa jina lao. Lakini miaka ya 1960 wagonjwa wengi walionekana kaunti ya Buruli, karibu na Nile, na madaktari wakakiita kidonda cha Buruli. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linaomba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Kwenu ombi limechelewa.

Siku hizi hakionekani sana hapa Uganda, ila kinachokitambulisha wazee wa maabara hatukisahau. Kinaanza kama uvimbe mdogo chini ya ngozi, mara nyingi mkononi au mguuni, kisha kinafunguka, na kingo zake zimechimbwa kwa chini hivi kwamba ukipitisha kijiti kinaingia chini ya ngozi inayoonekana nzima. Bakteria wake ni wa ukoo wa kifua kikuu, anatoa sumu inayoua nyama na kufisha maumivu kwa pamoja. Kwa hiyo, mzee, kidonda kinachopanuka huku mgonjwa anakula na kucheka, asitibiwe kwa majani. Achukuliwe sampuli pembeni, chini ya ukingo, si katikati. Kikithibitishwa, dawa zake ni rifampisini na klarithromisini, wiki 8.